Mzee wa chumvi, mashine nzito na punje elfu moja za Bi Ummulkheir

Saa kumi jioni, Salman Shebwana ananawa mikono kwa mara ya tatu.

Mara ya kwanza amenawa getini, kwenye mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni, kabla ya kupanda lori la wafanyakazi. Mara ya pili amenawa nje ya mlango wa nyumba yake hapa Mambrui, kwa maji ya ndoo na kipande cha sabuni ya kufulia. Hii ya tatu ananawa kwa ndimu. Anazungusha ganda kati ya vidole na juu ya nyufa zilizochimbika viganjani, na uso unamkunjamana kila tone linapoingia ndani.

"Chumvi haina adabu," anasema huku akijifuta kwa kikoi kikuukuu. "Haibishi hodi. Ukiingia nayo ndani kidogo tu itakula bawaba, itakula misumari, itakula mpaka kijiko cha chai."

Ana umri wa miaka hamsini na sita, na ishirini na tisa kati ya hiyo ameimaliza akivuta reki juu ya chumvi. Ni mrefu, mwembamba, mabega yamemwinamia mbele, na kila anapoketi hushusha pumzi ndefu utadhani ametua gunia.

Banda lake la kazi liko nyuma ya nyumba. Juu makuti, ubavuni mabati, upana wake hatua tatu za mtu mzima. Mna tupa nne, msumeno mmoja, na ndoo iliyojaa vipande vya mbambakofi alivyopewa na mafundi wa milango wa Malindi. Kwenye kona, juu ya meza nzito, kuna kitu kimefunikwa kwa gunia na kuzungushiwa kamba mara mbili.

Hiyo ndiyo mashine yake ya kutoboa, ile ambayo mafundi huiita drili ya kusimama. Aliinunua kwa akiba ya miezi kumi, akaitafuta siku nzima, akaileta kwa taabu. Kisha akaifunika. Leo ni siku ya kumi na mbili hajaigusa.

Sauti ya mwanamke mzee inatoka ndani. "Salmani! Ushafika?"

"Nishafika, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wafanya nini huko?"

"Nimekaa kidogo."

"Haya, kaa."

Huyo ni mama yake, Bi Ummulkheir, mwenye miaka themanini na tatu. Macho yake yalizima miaka tisa iliyopita. Masikio ni mazima, ulimi ni mzima, na vidole vyake, kama Salman atakavyokwambia bila kutania, ndivyo vilivyomfanya atafute mashine ya kutobolea punje za tasbihi ya elfu.

Kwa asiyejua, tasbihi ya elfu si ile ya punje tisini na tisa ya kutia mfukoni. Ni uzi mrefu wenye punje elfu moja za mti, na ukitandazwa unazunguka ukumbi mzima. Mtu akifariki mtaani, hupelekwa nyumba yenye msiba. Watu hukaa kwa duara, uzi ukawapita magotini, kila mmoja akivuta punje na kutaja jina la Mungu, mpaka uzi urudi ulikoanzia.

Ya mtaa wao iliundwa na marehemu baba yake, Mzee Shebwana, seremala aliyekuja Mambrui kutoka visiwa vya kaskazini akiwa kijana. Ilizunguka misibani zaidi ya miaka arobaini. Mzee mwenyewe alipofariki, alihesabiwa kwa punje alizozitoboa kwa mkono wake.

Halafu mwaka mmoja wa mvua nyingi uzi ulikatika matangani. Punje zikamwagika uani, zikaingia topeni, nyingine zikakanyagwa. Zilizookotwa hazikufika mia saba, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na nyufa. Tangu siku hiyo mtaa huhesabu kwa kokwa za tende na kokoto zilizooshwa.

"Si vibaya," anasema Bi Ummulkheir, akiwa ameketi kwenye mkeka ukumbini, miguu ameinyoosha. "Mungu haangalii kokoto. Lakini mimi nina haya, mwanangu. Watu wakiuliza, ile ya Shebwana iko wapi? Niwajibu nini? Niseme imeliwa na tope?"

Jirani mmoja alijitolea kununua ya plastiki kutoka mjini. Bi Ummulkheir aliishika, akaitikisa, akairudisha. "Inagongana kama meno ya bandia," alisema, na mambo yakaishia hapo.

Jioni hiyo hiyo alimwita mwanawe akamwambia neno ambalo Salman analo mpaka leo. "Siku yangu ikifika, nihesabiwe kwa tasbihi ya elfu kama alivyohesabiwa babako. Sitaki kuhesabiwa kwa kokoto."

Salman hakuwa fundi. Alikuwa mtu wa chumvi aliyependa kuchezea mbao jioni, kama wengine wapendavyo karata. Alikuwa akitengeneza vitasbihi vya punje thelathini na tatu, anawapa rafiki, anauza viwili vitatu wageni wa Maulidi wakija. Akachukua keekee ya uta ya baba yake, fimbo yenye ncha ya chuma inayozungushwa kwa kamba ya uta, mbele na nyuma, mkono mmoja ukikandamiza juu. Akaanza punje ya kwanza.

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Unakata kipande cha mraba, unakitoboa katikati, kisha unakiviringisha kwa tupa na msasa. Lakini tundu likienda upande, punje hukaa upande kwenye uzi, na kidole cha anayehesabu hujikwaa.

Mkaguzi ni mama. Kila asubuhi Salman humwachia bakuli la punje za jana. Bi Ummulkheir huzitia kwenye uzi moja moja, akaizungusha kila moja kwa kidole gumba. Nzuri huenda kwenye tasbihi. Mbaya huenda kwenye kopo la maziwa.

"Hii imepinda," ndiyo hukumu yake. Haongezi neno.

"Nilimwambia mara moja, Mama, imepinda unywele tu, nani ataijua?" Salman anakumbuka. "Akaniuliza, mimi nimeijuaje?"

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda. Kisha mkono wa kulia ukaanza kumgeuka. Kilianza kufa ganzi kidole gumba, akadhani ni baridi ya alfajiri. Kikafuata cha shahada, kikafuata cha kati. Daktari mmoja mjini Malindi alimkunja kifundo, akamgonga gonga, akamwambia mshipa wa fahamu umebanwa kwa miaka mingi ya kushika mpini. Apumzike, au apasuliwe.

"Nikamwambia, daktari, mimi nikipumzika reki nani ataishika?" Hulipwa shilingi mia sita na arobaini kwa siku, na siku asiyokwenda hailipwi.

Alipotoka kwa daktari hakumwambia mama yake. Aliendelea kutoboa. Kufikia Ramadhani iliyopita, katika punje kumi, nne tu ndizo zilizopita. Kopo la kwanza la maziwa likajaa, likaletwa la pili. Uzi ulikuwa na punje mia nne na kumi na nane, na hapo ukakwama.

Mke wake, Mwanasiti, alikuwa akimtazama kila jioni kupitia dirisha la jiko. "Mume wangu hurudi amechoka," anasema, "na badala ya kulala huenda kule nyuma kuchoka tena. Nimeshasema mpaka nimenyamaza."

Mwanasiti ndiye aliyetaja mashine kwanza. Salman alikuwa na akiba ya shilingi elfu kumi na saba, fedha za vile vitasbihi vidogo. Ilikuwa iende kwenye paa. Siku ya Jumamosi aliomba ruhusa kazini, akavaa kanzu safi, akashuka Malindi. Mfukoni alitia punje tatu na spoki moja ya baiskeli, mpya, iliyonyooka.

Kwenye duka la zana alipokewa na Vivian, msichana mchangamfu wa kutoka Matsangoni, ambaye hata sasa akimtaja mzee huyo hucheka.

"Karibu, baba. Wataka drili gani?"

"Ya kusimama. Ndogo. Ya kazi ya nyumbani."

Vivian akamwonyesha tatu, zote mpya, zinang'aa, moja nyekundu, mbili za buluu. Zilikuwa na taa ndogo ya kumulika kazi, na kizuizi cha kupimia kina ili biti, kile chuma cha kutobolea, isishuke kupita kiasi. Salman alizizunguka mikono ikiwa nyuma. Akaisukuma ya kwanza kwa kidole, ikasogea juu ya kaunta. Akaishika ya pili kwenye mhimili unaozunguka, akautikisa, ukacheza. Kisha akatoa spoki mfukoni.

"Baba, hiyo ya nini?"

"Niwashie."

Vivian akaifunga spoki pale pa kuuma biti, akawasha. Ncha ya spoki haikusimama mahali pamoja. Ilichora duara hewani, duara la upana wa punje ya choroko. Salman akainama akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaomba ile nyingine. Nayo ikachora duara. Ya tatu ilichora kubwa zaidi.

"Baba, hizi watu wanatobolea mabati na vyuma vya dirisha," Vivian akamweleza kwa upole. "Tundu ni tundu."

"Kwa mamangu, tundu si tundu," Salman akajibu.

Akaketi kwenye debe la rangi, akaeleza yote: uzi uliokatika, kokoto, kopo la maziwa. Vivian anasema wateja wawili walisimama nyuma yake wakisubiri, na hakuna aliyelalamika. Mwisho akamwambia ukweli ambao bosi wake asingeupenda. "Unayoitaka hapa hatuna. Nenda kwa ami yangu Jefwa, Matsangoni. Yuwafunga karakana, mashine zake ni za zamani, nzito. Mwambie umetumwa na mimi."

Salman alifika Matsangoni saa saba mchana akiwa amechoka hoi, akaswali kwenye msikiti wa kando ya barabara, kisha akauliza kwa Jefwa.

Jefwa ana miaka sabini. Amekereza vyuma kwa miaka thelathini na minane, na sasa magoti yamekataa kusimama. Anauza kila kitu arudi kwao Ganze, kwenye shamba la mahindi ambalo, kwa maneno yake, halijawahi kumfurahia. Karakana ilikuwa nusu tupu. Mashine ilikuwa kwenye kona, ya rangi ya kijani iliyobanduka, nguzo yake nene kama mguu wa mtu, mota yake imetolewa kwenye pampu ya maji.

"Wataka kutoboa nini? Chuma?"

"Tasbihi."

"Ngapi?"

"Elfu moja."

Jefwa akamtazama mkono wa kulia, namna vidole vilivyojikunja vyenyewe. Akaifunga ile spoki, akawasha.

Salman akasubiri. "Mbona hujawasha?" akauliza.

"Imewaka."

Ncha ilikuwa imetulia hata huwezi kujua kama inazunguka. Salman akasogeza kipande cha karatasi, ncha ikagusa, pakabaki alama ndogo kama ya kalamu. Alirudia mara tatu. Anasema machozi yalimlengalenga, akajifanya ni vumbi.

Jefwa akamwonyesha jinsi ya kuhamisha mkanda kwenye puli, kasi kwa biti nyembamba, polepole kwa nene. Akamwonyesha pia kasoro. Kile kizuizi cha kina kilishavunjika zamani, na kipuri chake hakipatikani.

"Utatumia mkono," Jefwa akasema. "Ukivuta huu mpini, mbao ikifika mwisho unasikia. Hapo unaachia, la sivyo inapasuka chini. Mkono utakwambia."

Hapo ndipo Salman angeweza kusema kwamba mkono wake haumwambii kitu tena. Za Malindi zilikuwa na kizuizi lakini zinayumba. Hii imenyooka lakini inataka mkono ulio hai. Akalichagua tundu lililonyooka, na habari ya mkono akaimeza.

"Nilikuwa nataka elfu ishirini," Jefwa akasema, Salman alipomtajia akiba yake. "Lakini wote waliokuja wameuliza bei kwanza. Wewe umekuja na spoki. Lete kumi na sita, na elfu moja inayobaki ulipie gari."

Watu watatu waliinyanyua kuipakia kwenye pikapu iliyokuwa ikirudi kaskazini na matikiti. Ili isiharibike njiani, Jefwa aliuchomoa ule mdomo wenye taya tatu zinazouma biti, akaufunga kwenye gazeti. Mdomo huo huvishwa juu ya ncha ya chuma iliyochongoka, kama kofia kichwani. "Ukifika uvishe, ugonge kwa kipande cha ubao, basi," akaagiza.

Na sasa tufike kwenye kosa, kwa sababu Salman mwenyewe anataka liandikwe. Anasema likiandikwa huenda likaacha kumwamsha.

Kule kwenye chumvi, kila Alhamisi ni siku ya kupaka. Pampu, boliti, ekseli za mikokoteni, minyororo, kila chuma hupakwa grisi mpaka kiteleze, kwa maana chuma kisichopakwa huko hakimalizi mwezi. Salman amepaka kwa miaka ishirini na tisa. Hapaki kwa kufikiri tena. Akiona chuma, mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo.

Jumapili asubuhi aliipaka mashine yake yote. Alipaka nguzo, akapaka meza, akapaka puli. Alipofika kwenye ile ncha iliyochongoka akaipaka mara mbili kwa mapenzi, na ndani ya mdomo akajaza. Kisha akauvisha, akaugonga kwa ubao, akaita watu wa nyumbani waje washuhudie. Bi Ummulkheir alikaa mlangoni na bakuli lake mapajani.

Alivuta mpini. Biti ikagusa mbao, ikaingia kidogo, na mdomo wote ukachomoka, ukaanguka mezani ukizunguka, ukavunja biti na kuirusha punje ukutani.

Akauvisha tena. Ukaanguka tena. Mara ya tatu akaongeza grisi, akidhani umekauka. Mara ya nne mdomo ulitua karibu na kidole chake cha mguu.

Hapo alizima. Alichukua gunia, akaifunika, akaifunga kamba. Hakumpigia Jefwa simu.

"Niliona nimepigwa, nimetapeliwa," anasema. "Halafu nikaona, labda sikupigwa, labda imekufa tu. Nikaogopa kuambiwa imekufa. Afadhali nisijue."

Alikwenda kazini, akarudi, akalala. Keekee ya uta nayo hakuigusa. Asubuhi Bi Ummulkheir alitia mkono kwenye bakuli, akalikuta tupu. Kesho yake tupu. Alisikia kila kitu siku ile ya Jumapili, lakini hakuuliza. Siku ya sita, Salman akimpa chai, mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kokoto nazo si mbaya sana, Salmani."

"Nilitamani aniite mpumbavu," Salman anasema. "Mama hajawahi kuniachia kitu kibovu maishani mwake. Alipolegeza, nikajua ameniona nimekwisha."

Leo saa nne, wakati wa chai, akiwa ameketi kwenye tuta la chumvi na mwanga mweupe ukimchoma macho, alipiga ile simu. Hakuelewa kwa nini leo. Huenda alichoka kuogopa.

"Mdomo unaanguka," alisema baada ya salamu.

"Unaanguka vipi?"

"Nikivuta tu, unachomoka."

Jefwa akauliza tena. "Hebu niambie. Ile ncha umeipaka kitu?"

"Grisi. Vizuri kabisa. Mara mbili."

Upande wa pili ukatoka mcheko mrefu ulioishia kwenye kikohozi. "Ewe Mswahili! Hapo hapapakwi! Ni chuma kushika chuma, kimoja kinauma kingine. Ukipaka, vitashikana vipi? Futa, kaushe, pawe pakavu kama kinywa chako mwezi wa Ramadhani!"

"Kwa hiyo haikufa?"

"Itakuzika wewe hiyo. Kafute."

Ndiyo maana leo amenawa kwa ndimu, isibaki grisi wala chumvi vidoleni.

Anaifungua kamba. Anaondoa gunia. Anamimina spiriti kwenye kitambaa, anaifuta ncha, anageuza kitambaa, anafuta tena, anachukua kingine, anafuta ndani ya mdomo mpaka kitambaa kinatoka cheupe. Inaonekana inamuuma kuacha chuma bila mafuta. Mara mbili mkono wake unanyoosha vidole kuelekea kopo la grisi, na mara mbili anaurudisha.

Anauvisha mdomo. Anaugonga mara moja kwa ubao. Anaubana mraba wa mbambakofi kwenye kibao cha kushikilia, anawasha, anavuta mpini. Biti inaingia. Mdomo hauanguki.

Anatoa punje, anaiinua dhidi ya mwanga. Tundu limepita katikati kama lilivyochorwa. Lakini upande wa chini mbao imepasuka, kipande cha ukucha kimebanduka. Anatoboa ya pili, inapasuka. Ya tatu inapasuka mpaka katikati, na biti imechimba kibao cha chini. Salman anazima mashine, anakaa.

"Si mashine sasa," anasema polepole. "Ni mimi. Sisikii ikifika mwisho."

Bi Ummulkheir amekwisha kutoka nje. Anakuja akipapasa ukuta, Mwanasiti nyuma yake. "Nimeisikia imewaka," anasema. "Mbona umezima?"

Salman anatazama chini. Kisha anamwambia yote: vidole, daktari, miaka miwili ya kutojua kama ameshika kikombe mpaka akitazame. Mama yake anasikiliza bila kumkatiza.

"Hukuniambia mkono umekufa."

"Ungeniambia niache, Mama."

"Ningekwambia uniite. Nipe huo mpini."

Salman anakataa. Mashine haina huruma na asiyeona. Bi Ummulkheir hana haja ya kubishana, anapapasa kigoda na kuketi mbele ya meza. Mwanasiti, bila kumuuliza mumewe, anaukusanya mtandio wa mkwewe na kuufunga nyuma, anaikunja mikono ya nguo yake, kisha anamwekea mkono wa kushoto mapajani. "Huu usitoke hapo," anamwambia.

Salman anabana mraba mwingine. Anauchukua mkono wa kulia wa mama yake, anauweka kwenye mpini, anaufunika kwa wake. Anawasha.

Wanavuta pamoja, taratibu. Biti inalia ndani ya mbao. Bi Ummulkheir ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Vidole vyake havisogei.

"Imetoka," anasema.

Salman hakusikia kitu. Anaachia kwa kuwa ameambiwa. Mpini unapanda, anazima, anaitoa punje. Haina ufa, juu wala chini. Anampa. Mama anaizungusha kwa kidole gumba, upande mmoja, upande mwingine, anapitisha ncha ya uzi. Banda zima linamsubiri.

"Nyoofu," anasema.

Salman anaegemea nguzo ya banda na kufumba macho. Zimebaki mia tano na themanini na moja. Amepiga hesabu: wakitoboa kumi kila jioni baada ya Alasiri, naye akaziviringisha mwenyewe kwa tupa, watamaliza kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, Mambrui inapojaa wageni. Tasbihi ikipelekwa msikitini, ndipo ataichukua likizo aliyoomba aende kupasuliwa mkono. Kazini bado hawajamjibu.

Wametoboa sita. Jua limeteremka nyuma ya mabati, na Salman, ambaye yuko macho tangu saa kumi alfajiri, anasinzia kwa kusimama.

"Mama, tupumzike. Nyingine kesho."

"Mimi nimepumzika tangu macho yazime," Bi Ummulkheir anajibu, mkono wake ungali kwenye mpini. "Weka nyingine."

Anaweka nyingine.